Ndiyo ya Adabu

Jumamosi iliyopita niliketi Kagarama, hapa Kigali, mstari wa mbele upande wa familia ya bibi harusi, mshanana wa kuazima, lile vazi letu la sherehe, umenibana begani, nikiwa shangazi. Damu hakuna, nawaambia mapema. Lakini katika posa ya Kinyarwanda shangazi wa binti ana kiti chake na kazi yake, na Solange mwenyewe alinipigia simu akasema, "Shangazi ni wewe, usinitafutie mwingine." Sasa mtu akikwambia hivyo utasema nini? Nikaenda saluni, nikatengenezwa nywele ambazo hata mimi sikuzitambua, nikaja. Wazee wasemaji wa pande mbili walikuwa wameshaanza michezo yao. Wa upande wa bwana harusi alisema wamekuja kutafuta msichana. Wetu akajibu kwa dharau ya kupendeza kwamba hapa hatuna wasichana, tuna ng'ombe na mvua tu. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nasubiri. Nilijua kuna mahali msemaji wetu atalazimika kutaja binti huyu ni wa nani, mbele ya vipaza sauti na wageni wote wale, na tangu alfajiri nilikuwa naiogopa sentensi hiyo moja. Akaitamka katikati ya mizaha yake: "Solange, binti wa Leonidasi na Epifania." Hakuna aliyegeuza shingo. Hakuna aliyenong'ona. Mzee Leonidasi alikuwa anafukuza nzi kwenye soda yake. Nikashusha pumzi ndefu, nadhani nilikuwa nimeibana tangu mwaka ule wa Batsinda, na mama aliyeketi karibu nami akaniuliza kama viatu vinanibana.

Mwaka ule nilikuwa sijafika thelathini, na serikali ilikuwa imekata shauri kwamba mtoto asilelewe tena bwenini. Alelewe nyumbani, na watu wanaojua jina lake. Vituo vya mayatima vifungwe, watoto waende kwenye familia. Mimi niliajiriwa kuwa afisa ustawi wa jamii wa kuwasindikiza watoto wa kituo kimoja. Jina lake nalihifadhi, na hata hivyo siku hizi majengo yake ni ghala la saruji. Nisieleweke vibaya: serikali ilikuwa na haki. Anayetetea bweni hajawahi kulala bwenini. Kile chumba nakikumbuka mpaka leo, kirefu, vitanda vya chuma vimepangwa pande mbili, harufu ya sabuni ya kipande juu ya harufu ya mkojo, na dirisha moja lisilofungika lililozibwa kwa gunia. Chakula kilikuwa uji wa mtama asubuhi, maharage na mahindi jioni, kengele ya kuanza na kengele ya kumaliza. Na kimya! Watoto wote wale wanakula na husikii kitu ila vijiko. Wageni walikuwa wakifika, wakisimama mlangoni, wakisema kwa furaha, "Jamani, watoto wana adabu hawa!" Mimi kimya kile kilinitisha, kwa sababu nimelelewa Karagwe kwenye nyumba ambayo wakati wa kula ulikuwa wakati wa kugombana.

Katika bweni lile alikuwapo Solange, miaka kumi, na mdogo wake Gasore, miaka mitano. Yaliyowaleta pale ni mali yao, siyagusi. Nitasema tu kwamba Solange alikuwa haanzi kula mpaka Gasore amalize, na kwamba usiku alikuwa anaamka mwenyewe kumpeleka mdogo wake chooni, hakuna aliyemwagiza. Alikuwa mtoto wa kusema yego, yaani ndiyo. Solange, fagia: yego. Solange, mpishe mwenzako kitanda: yego. Mlezi mkuu wa kituo alimpenda kwa hilo akamfanya mfano kwa wengine. Walizungumza Kinyarwanda, na maneno yao hapa nayaweka kwa Kiswahili changu, ila hiyo yego, na mwenzake oya, yaani hapana, naziacha zilivyo, kwa sababu ndizo kisa chenyewe.

Mimi nilipanga chumba cha nyuma Batsinda, hukohuko Kigali, kwenye zile nyumba za bei nafuu zinazofanana hata mlevi anaingia kwa jirani akavua viatu. Mwenye nyumba wangu alikuwa Mama Epifania na mumewe, Mzee Leonidasi, fundi wa kupaka rangi majumba. Wamekulia Bujumbura, Wakatoliki wa rozari kila jioni. Watoto wao walikuwa wakubwa, wameshaoa na kuolewa. Tulipatana haraka kwa sababu sote Kinyarwanda chetu kilichekwa sokoni, basi nyumbani tulikuwa tunajificha kwenye Kiswahili, wao cha kwao, mimi cha kwangu. Ukuta kati ya chumba changu na chao haukufika kwenye bati. Niliisikia rozari, nikazisikia habari za redio, nikausikia ugomvi wa chumvi. Na niliijua menyu ya nyumba ile kwa pua tu: dagaa wa Tanganyika, wenyewe wanawaita ndagala, wamekaangwa na vitunguu na pilipili. Mama Epifania aliamini kwamba ndagala wanatibu kila kitu, kuanzia mafua mpaka huzuni. Ukimwambia umechoka, anakuletea sahani. Ukimwambia huna njaa, anakuletea kubwa zaidi.

Sasa kuna kitu lazima nikieleze kwa msomaji wa mbali. Kwetu kila kiongozi anasaini imihigo, yaani ahadi za kazi, mbele ya mkubwa wake na mbele ya watu, na mwaka wa fedha ukiisha mwezi Juni anapimwa kwazo. Ni kitu kizuri. Barabara nyingi unazopita Kigali zimelimwa na hofu ya Juni. Gitifu wetu, ndivyo tunavyomwita katibu mtendaji wa sekta, yaani kata, alikuwa mtu mnene mchangamfu aliyekulia Uganda, mwenye simu mbili na Kiswahili cha kambini, na aliahidi kwa moyo mweupe. Mwaka ule, katikati ya vyoo vitakavyochimbwa na mabomba yatakayofikishwa, aliahidi pia kwamba watoto wote wa kituo watakuwa wametoka kwenda kwenye familia kabla ya Juni. Watoto, baina ya choo na bomba. Hakuna aliyeona ubaya, na kusema kweli kwa siku zile za mwanzo hata mimi nilipiga makofi.

Basi ikafika Jumamosi ya umuganda, kazi ya wote. Tulizibua mitaro asubuhi, halafu tukakaa kwenye majani pembeni ya shule kwa mkutano, majembe magotini, matope mpaka kwenye visigino. Gitifu akawasimamisha watoto wa kituo mbele. Walikuwa wameogeshwa na kupakwa mafuta mpaka wanang'aa. Akahubiri vizuri, tena vizuri sana, kwamba mtoto ni wa taifa na taifa ni nyumba zetu, kisha akauliza nani anafungua mlango. Mwanamke mmoja mpole aitwaye Vestine, mke wa dereva wa malori, akanyoosha mkono. Anamtaka Gasore. Wadogo wanapendwa, ndivyo ilivyo. Mwenye miaka kumi anaonekana ameshaumbika. Makofi. Gitifu alijua sheria inataka mtoto asikilizwe, na hakutaka kuivunja, akainama mpaka tumbo likamzuia. "Solange, mdogo wako akipata baba na mama, weye utafurahi?"

"Yego."

"Umekubali aende?"

"Yego."

Makofi tena, na vigelegele. Nilikuwa nimekaa karibu. Uso wa Solange ulikuwa unatabasamu lile tabasamu tunalofundishwa. Lakini kidole gumba cha mguu wake kilikuwa kinachimba ardhi, kinachimba tu, mpaka kikatoa kishimo. Nikamfuata gitifu baada ya mkutano nikamwambia sijaridhika. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Dada, ameulizwa. Amejibu. Weye unataka mimi nimuulize mara ngapi? Mimi iko na imihigo." Ningemwonyesha kishimo? Na zaidi ya hapo, mimi mwenyewe nilijua tulivyolelewa, hapa na Karagwe na Bujumbura kote: mtoto anayemwambia mtu mzima hapana, tena mbele za watu, anakuwa amemwaibisha mama yake hata kama mama hayupo. Tarehe ya kumkabidhi Gasore ikapangwa, wiki chache mbele.

Katika wiki hizo niliwapeleka wale wawili kwenye kituo cha afya kupimwa, kama ilivyotakiwa, na tulipokuwa tunarudi mvua ikatukamata karibu na kwangu. Mvua ya Aprili, ile isiyo na mzaha. Tukakimbilia kwenye baraza la jiko la Mama Epifania, naye alikuwa pale anachambua maharage ya kesho. Hakutuuliza kitu. Alimpa Gasore kitambaa cha kujifutia, akampa Solange ungo. Maharage ya kwetu huwa yanakuja na mawe yake, na ukichambua huwezi kumwangalia mtu usoni. Macho ni kwenye ungo, mikono inakwenda, mdomo unabaki bila mlinzi. Tukachambua. Mvua ikapiga bati. Halafu Solange, macho hukohuko kwenye maharage, akaniuliza kwa sauti ya kuuliza saa, "Huko anakokwenda Gasore, hawahitaji mtu wa kuosha vyombo?"

Nikamwambia sijui, kwa nini.

"Mimi naosha vizuri. Ningelala popote, hata jikoni."

Moyo wangu! Nikajikaza nisimtazame. "Lakini Solange, si ulisema yego?"

Akatoa jiwe, akaliweka pembeni. "Walikuwa watu wazima wengi."

Mama Epifania alikuwa na maharage mkononi na hakuyaweka popote. Mvua ilipokatika akawapa ndagala na mkate, Solange akala wote akasema asante mama, wakarudi kituoni. Jioni hiyo nilikuwa nimekaa kitandani na viazi vyangu kwenye sahani, redio ya upande wa pili inasoma habari, ndipo nikasikia sauti ya mama juu ya ukuta.

"Leonidasi. Ule mutoto amesema ataosha vyombo mu nyumba ya watu."

"Nimesikia."

"Ili alale karibu na mudogo wake."

"Nimesikia, Epifania, nilikuwa hapo mlangoni."

Redio ikasoma bei za viazi. Mama akasema vyumba wanavyo, vimejaa magunia tu na ndoo za rangi. Mzee akasema yeye haogopi vyumba. Nilisikia kitanda chao kikilia, alikuwa amekaa. "Mimi naogopa hivi. Kesho tukimuuliza, Solange unataka kuja kwetu na mudogo wako, atasema nini?"

"Atasema yego."

"Ndiyo hiyo. Atasema yego kwetu sawa na alivyosema kwa gitifu. Angesema yego hata kwa mwizi. Sasa weye utajuaje?"

Hapo hata mimi niliacha kutafuna. Kwa miaka yote niliyokuwa nimesoma, hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Kisha mama akasema, "Basi tusimuulize. Aje ale. Mutu anayetaka kurudi utamuona na miguu yake."

Nikaomba ruhusa kituoni, watoto wakawa wanakuja Batsinda Jumapili. Ya kwanza walikaa ukingoni mwa benchi, magoti pamoja, wageni kabisa. Ya pili Gasore alivunja kikombe, akakimbia kujificha nyuma ya ndoo za rangi, mzee akaenda kujificha naye. Jumapili nyingine nilipofika kituoni kuwachukua, walikuwa wameshakaa langoni tangu asubuhi, na Solange alikuwa amemsuka... hapana, amemchana Gasore nywele mpaka kichwa kinawaka. Miguu ilikuwa imesema. Lakini tarehe ya kumkabidhi mtoto kwa Vestine ilikuwa inakuja, na mimi sikuwa na cha kumwonyesha gitifu zaidi ya miguu. Ndipo nikamwambia kuna familia nyingine, tena inayowachukua wote wawili, njoo uikague kwa macho yako. Wote wawili! Aliposikia hivyo alikuja mbio, moja kwa moja kutoka kanisani, shati jeupe, simu zote mbili zinalia.

Alitaka kukagua vyumba, akashangaa kupewa kigoda barazani na ungo magotini. "Mukubwa," Mama Epifania akamwambia, "hapa hakuna anayekula bila kuchambua." Nilidhani atakasirika. Akacheka, akazima simu, akaanza kuchambua, vibaya sana. Watoto walikuwa ndani ya jiko, mlango wa mbao umerudishwa, wanaosha sahani na hawakujua nani amefika. Tukawa tunachambua wanne, mzee, mama, gitifu na mimi, hakuna anayeongea. Kutoka ndani ikaja sauti ya Solange, ya chini, ya mtu anayefundisha.

"Ukifika kule usilie. Ukilia watasema sikukufundisha. Na ukisikia mkojo usiku usingoje, amka mwenyewe. Mimi sitakuwepo."

"Kwa nini hutakuwepo?"

"Kwa sababu nilisema yego."

Gasore akafikiri. Sahani ikagonga sahani. "Si useme oya?"

"Oya haisemwi kwa wakubwa."

Mikono ya gitifu ilisimama kwenye maharage. Nyumbani kwake alikuwa na mabinti, nilijua. Mwishowe akasema, "Huyu mutoto ni mimi nilimuuliza."

"Ndiyo, bosi," nikasema.

"Mbele ya watu yote ile."

"Ndiyo."

"Imihigo yangu inasema watoke mbele ya Juni."

"Inasema watoke vipi?"

Akaangalia ungo. "Haisemi."

"Basi iseme," akadakia Mzee Leonidasi, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa kudakia. Gitifu akainua kichwa, akamtazama, na nikaona amepumua, pumzi ya mtu aliyepewa ruhusa. Akala sahani mbili. Mawe aliyoyaacha kwenye maharage nusura yamvunje mzee jino siku ya pili yake, na kwa miaka mingi katika nyumba ile jiwe kwenye chakula liliitwa gitifu.

Alibaki Vestine, na hapo ndipo nilipokuwa na hofu zaidi, kwa sababu alikuwa mwanamke mwema na alikuwa ameshanunua kitanda. Tulikwenda mimi na gitifu. Kitanda kilikuwa chumbani, kidogo, bado kiko kwenye nailoni yake. Gitifu akaeleza, kwa kujiumauma, kwamba watoto wale wawili wamepata nyumba ya pamoja. Vestine akakaa kwenye kile kitanda, nailoni ikalia chini yake, akaanza kulia naye. Nikamshika bega nimpe pole. Akautoa mkono wangu, akasema, "Asante Yesu. Tangu siku ile silali. Nilimwona dada yake alivyokuwa anachimba chini kwa kidole. Lakini mkono ulikuwa umeshapanda, dada, watu wameshapiga makofi. Ningeushushaje?" Nilitaka kucheka, nikalia. Kumbe mkutano mzima ule, mtoto alisema ndiyo ya adabu, Vestine alisema ndiyo ya adabu, gitifu alikuwa amesema ya kwake kwa wakubwa zake, na tukapiga makofi kwa jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyelitaka. Vestine alimchukua mtoto mwingine baadaye, msichana mdogo wa hukohuko kituoni, na alimwalika kuja kucheza juu ya kile kitanda kwanza, Jumapili baada ya Jumapili, kabla mtu yeyote hajalala juu yake.

Gitifu alikwenda wilayani akasimama mbele ya wakubwa zake, akaomba ahadi yake iandikwe upya. Asihesabiwe mtoto aliyetoka. Ahesabiwe aliyetembelewa baada ya kuhama akakutwa bado yupo, anakula. Alifokewa. Aliambiwa anatafuta visingizio. Lakini safari hii hakusema ndiyo. Wakamwongeza muda. Kituo hakikufungwa Juni. Kilifungwa mahindi yalipokuwa yameshavunwa, taratibu, na kila Jumapili ungeona watoto wakienda kula kwa watu na kurudi, wakienda na kurudi, mpaka siku moja mmoja harudi na hakuna anayelia.

Siku hizi naitwa kwenye semina. Tunakaa kwenye hoteli zenye baridi ya mashine, tunapewa maji ya chupa, na mtaalamu kijana ananiuliza serikali zifanye nini ili haki za mtoto zitoke kwenye karatasi. Najibu kwa ukali kidogo, umri unaniruhusu. Nasema sheria tunazo, na nzuri. Mpunguzieni mtoto watu wazima. Mkitaka kumsikia, msimsimamishe mbele ya umati mkamwuliza. Kaeni naye chini, mikono ikiwa na kazi, na mrudi wiki inayofuata, na inayofuata. Na kiongozi asisifiwe kwa haraka yake, asifiwe mtoto akiwa bado yupo mahali alipopelekwa. Wanaandika, wanatikisa vichwa, wananiambia ndiyo, ndiyo. Ndiyo zao huwa nazitilia shaka, lakini baadhi yao baadaye wanaomba nauli za kurudi vijijini mara ya pili na ya tatu, na hapo moyo wangu unatulia.

Lakini mwaka ule ulikuwa haujaisha. Solange na Gasore walihamia Batsinda, na mzee akatoa magunia chumbani, akapanga ndoo zake za rangi zilizobaki kutoka kwenye majumba ya watu. "Chagueni." Gasore akachagua zote. Solange akasema, "Ile unayopenda wewe, mzee." Mzee akaweka ndoo chini, akasema atangoja. Chumba kikakaa bila rangi. Kila kitu kilikuwa hivyohivyo: Solange, umeshiba? Yego. Solange, sweta hii nzuri? Yego, mama. Mama Epifania kwa furaha yake alikuwa anampa ndagala karibu kila siku, maana mtoto anawamaliza na kusema asante. Lakini nilimsikia juu ya ukuta akimuuliza mumewe, "Huyu mutoto yuko hapa, ao bado iko kwenye ule mukutano?" Mimi nilikuwa natakiwa kuandika kwamba mtoto amezoea, na nilikuwa naahirisha.

Ikaja jioni moja ya mwezi wa kumi na mbili. Mlango wangu ulifunguliwa bila hodi, Mama Epifania akaingia na sahani mkononi, dagaa wanamwagika sakafuni. "Amekataa!" Niliruka kitandani, nikadhani mtoto ametoroka. "Amekataa nini, mama?" "Ndagala! Nimemupa sahani, akaangalia, akasema oya, mama. Amesema haipendi! Hajawahi kuipenda tangu siku ya mvua! Yezu Maria, miezi yote ile namulisha!" Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, akanikumbatia na sahani yake, mafuta yakaniingia kwenye blauzi mpaka leo hayajatoka. Juu ya ukuta mzee akapiga kelele, "Mwacheni mutoto, nitakula mimi!" Tukatoka wote kwenda jikoni, tunacheka, na tukamkuta Solange amesimama karibu na mlango. Alikuwa amevaa viatu. Ameshavifunga na kamba, amemshika Gasore mkono, na Gasore kiatu kimoja kilikuwa bado mkononi. Alikuwa anangoja kurudishwa.

Kicheko kilitukauka. Mama Epifania aliangalia vile viatu, aliviangalia sana, halafu akaweka sahani chini, akapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni na miaka yake yote, akaanza kufungua kamba. "Vua viatu, mwanangu," akasema. "Nakukaangia yai." Solange akalila lile yai amesimama, halafu amekaa, halafu akauliza kama kuna lingine. Kesho yake asubuhi alimwambia mzee anataka chumba kiwe cha kijani, na siyo kile kijani cha hospitali. Siku hiyo niliandika kwamba mtoto amefika nyumbani.

Basi Jumamosi, Kagarama, baada ya ng'ombe kutajwa na kukubaliwa, baada ya Solange kutolewa nje na wenzake kwa madaha huku Gasore, sasa kijana mrefu kuliko mimi, akimtembeza, chakula kikaletwa. Mbele ya bibi harusi, pembeni ya kuku na wali na keki, kulikuwa na kisahani kimefunikwa kwa leso. Nilimwona Mama Epifania upande wa pili wa meza akijibana midomo. Solange akafunua. Ndagala, na vitunguu, na pilipili. Wakwe wakatazamana, wakadhani labda ni mila fulani ya Batsinda, mama mkwe akawa tayari ameshika kijiko kwa heshima. Solange akakisukuma kisahani kwa kidole kimoja, mbele ya vipaza sauti na wageni wote wale, akasema kwa sauti, bila kutazama chini, "Oya, mama." Mzee Leonidasi alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. Nikainama kuiokota, na chini ya kitambaa cha meza nikaona miguu ya bibi harusi imenyooshwa kwa raha zake, viatu vyake vyeupe pembeni, ameshavivua.